Mashimo Matatu Karibu na Bomba

Wewe uliyeanza kazi ya ujenzi juzi, ambaye gambuti zako bado zina rangi ya dukani, weka chini hilo koleo unisikilize kidogo. Nataka kukueleza habari ya maji ya mvua kwenye majengo ya serikali, na jinsi nilivyokuja kuyaelewa masharti yake nikiwa nimeshaota mvi, mbele ya watu, huku wadudu wakinipanda miguuni.

Naitwa Barasa. Nilitoka Busia, upande wa Kenya, nikaja Kampala kutafuta kibarua cha muda, na huo muda ukawa maisha yangu yote ya kazi. Nilianza kwa kubeba zege, nikapanda mpaka nikawa msimamizi wa mitaro. Sasa nimestaafu, nakaa Kabalagala, na paa letu linavuja juu ya kitanda. Mke wangu huniuliza ni mtu wa aina gani anayeongoza maji ya wodi na madarasa ya watu halafu analala na beseni pembeni. Namwambia bado niko kwenye uchunguzi.

Sisi tulifundishwa kwamba maji ya mvua ni ya kufukuzwa. Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa fundi mmoja aliyevaa tai hata siku za kumwaga zege. Ukimaliza mtaro, anatupa ganda la ndizi ndani, anafungulia maji, kisha anatembea kando yake. Ganda likimwacha nyuma, umefaulu. Lisipomwacha, unavunja na kuanza upya. Mimi nilifaulu kila mara. Maganda yangu yalikimbia kama mtu aliyenyakua simu kwenye msongamano wa Kikuubo. Hakuna aliyeuliza yalikokwenda. Yalikwenda kwa jirani wa chini, bila shaka, kwa sababu Kampala ni vilima, na kila mtu ana mtu wa chini yake.

Halafu masharti yakabadilika. Ukipewa kazi ya jengo la umma siku hizi, mkataba unakutaka uonyeshe kwamba maji yatakayotoka kwenye kiwanja baada ya kujenga hayatakuwa mengi wala ya kasi kuliko yale yaliyotoka pakiwa bado nyasi. Usiogope maneno. Fikiria hivi: nyasi na udongo hunywa mvua kidogo kidogo, bati halinywi kitu. Ukifunika nyasi kwa bati na zege, kinywaji chote kinakuwa chako, na unatakiwa kukitafutia mahali.

Mara ya kwanza niliyasikia maneno hayo kwenye wodi ya wazazi tuliyokuwa tunaijenga katika kituo kimoja cha afya, upande wa Nakawa. Aliyetueleza alikuwa Engineer Nabukenya, mkaguzi wa serikali, mwanamke kijana mwenye sauti ya upole na macho ambayo hayakuwa ya upole hata kidogo. Yeye ndiye angeidhinisha kazi yetu au kuikataa.

"Engineer," nikamwambia mbele ya kila mtu, "yaani mnataka tuyafuge haya maji? Kama mbuzi?"

Watu wakacheka. Yeye akangoja wamalize.

"Yapokee kama mgeni, ssebo. Mgeni unampa kiti kwanza, anakunywa kitu, halafu unamsindikiza polepole mpaka barabarani. Wewe umezoea kumpokea mgeni kwa teke."

Wakacheka zaidi, safari hii kwa gharama yangu.

Chini ya ukuta wa kituo, kwenye mteremko, palikuwa na kibanda cha chakula cha Mama Achan. Mume wake ni polisi, alikuwa amehamishiwa kaskazini, naye alibaki Kampala na watoto. Kiswahili chake alikiokota kwenye kambi za polisi, kwa hiyo kilikuwa kifupi na kilipiga shabaha. Alitulisha posho na maharage, na siku nzuri, malakwang, ile mboga chachu ya kwao inayopikwa na simsim. Tulipoanza kuinua kuta alipanda kuja kutazama, akashika kiuno.

"Mzee, hii nyumba yote kubwa namna hii, maji ya paa itaenda wapi?"

"Itabaki huku huku juu, Mama Achan. Hutaona hata tone."

"Usinidanganye. Watu ya afya walishaniambia, wakikuta tope tena ndani ya jikoni, wanafunga. Nikifungiwa, watoto yangu watakula hii ukuta yenu?"

"Nakupa neno langu."

"Mimi sitaki neno. Nataka sakafu iko kavu."

Kumbuka hilo. Ndilo lililokuwa mezani siku zote, hata tulipokuwa tunajidai kuzungumza mambo makubwa ya ramani.

Sasa nikufundishe kipimo, ndipo uone nilivyokiharibu. Ukitaka kujua kama udongo unakunywa, unachimba shimo la kina cha goti. Unajaza maji, unayaacha yanywewe mpaka udongo wa pembeni ushibe. Kisha unajaza tena, na mara hii unatazama yanachukua muda gani kushuka upana wa kidole. Kutokana na muda huo, engineer anapata ukubwa wa shimo la kunyonya maji, lile la kujazwa mawe ambalo vijana wa saiti huliita sokupiti. Udongo ukinywa haraka, shimo dogo linatosha. Ukinywa polepole, unahitaji shimo kubwa au njia nyingine kabisa. Engineer Nabukenya alitaka mashimo matatu ya kupimia, ili tusidanganywe na sehemu moja.

Mimi nilikuwa na kisigino. Vijana wote wa saiti walikijua. Nilikuwa nikikipiga chini, nafumba macho kama mtu anayeonja mchuzi, kisha natangaza: huu mfinyanzi, huu maramu, huu udongo wa shamba. Wakati mwingine nilipatia. Siku hiyo nikazunguka kiwanja nikipiga kisigino. Karibu kila mahali kilinirudia kwa maumivu, maana kilima kile ni maramu tupu, mekundu na magumu. Mahali pamoja tu kikazama vizuri. Palikuwa karibu na bomba la maji. Sikujiuliza kwa nini kisigino changu kilipenda mahali ambapo hapakuhitaji kubeba jerikani mbali.

Mchimbaji wangu alikuwa Ssalongo, mtu wa rika langu, baba wa mapacha kama jina lake lilivyosema. Alipiga jembe mara moja, akatabasamu.

"Fundi, hapa ndiyo lahisi. Jembe inaingia kama kwa matoke."

"Kisigino hakikosei," nikasema.

Tukachimba matatu. Nilitii agizo, usije ukasema sikutii. Ila yalikaa kama mafiga: ungeweza kuweka sufuria juu yake na kupika. Tukamwaga maji. Kabla sijafuta miwani yakawa yamekwisha. Tukamwaga tena, yakapotea tena, kwa sauti ndogo kama ya mtoto anayenyonya.

"Hii aldhi iko na kiu sana," Ssalongo akasema kwa heshima.

Nikampigia Engineer simu nikiwa nimevimba kifua. "Udongo wa hapa unakunywa, Engineer. Sijawahi kuona."

"Mashimo yote matatu?"

"Yote matatu."

"Sehemu tofauti?"

"Tofauti kabisa," nikajibu kwa moyo safi. Shimo moja si jingine.

Basi shimo la kunyonya likachorwa dogo, likawekwa upande wa chini, karibu na ukuta, mbali na bomba. Tulipoanza kulichimba, sururu ilitoa cheche. Vijana walibadilishana, mikono ikaota malengelenge. Ssalongo akasimama akiegemea mpini.

"Fundi, hii ndiyo ile aldhi yetu ya kiu?"

"Hii ni ngozi ya juu tu. Ndani ni laini."

Tulichimba mpaka mwisho bila kuonana na hiyo ndani. Kila mtu aliyeshika sururu alikuwa na habari niliyoihitaji, imeandikwa kwenye viganja vyake. Mimi nilikuwa na kipimo, kwa hiyo sikuitaka habari.

Siku ya ukaguzi mvua ilinyesha kana kwamba nayo ilialikwa. Paa lilikuwa tayari, mabomba ya kutoka kwenye gata yameunganishwa na shimo. Nilisimama na Engineer Nabukenya barazani, nikimweleza yeye kazi ambayo yeye ndiye aliyenieleza mimi.

"Sikiliza linavyokunywa," nikamwambia.

Tukasikiliza. Kwa kitambo kidogo ilikuwa sauti ya kunywa. Kisha ikawa sauti ya mtu aliyeshiba. Kisha, kijana wangu, ikawa sauti ya mtu anayetapika. Maji mekundu yakafurika juu ya mawe, yakajikusanya kwenye ukuta, yakapata matundu yake na kutoka upande wa pili. Kutoka barazani niliona kiti cha plastiki kikitoka mlangoni kwa Mama Achan na kuteremka mtaani kwa kasi ambayo hakuna mtu angeweza kuifuata kwa miguu. Mwalimu wangu mwenye tai angenipa alama zote.

Mvua ilikata ghafla, jua likatoka. Mama Achan akapanda. Alikuwa amebeba beseni kubwa limejaa maji ya tope, na vijana walimpisha kama wanavyopisha gari la zima moto.

"Barasa!" Hakukuwa na Mzee siku hiyo. "Maji yako imekuja kunitembelea. Nimekurudishia." Akalitua beseni miguuni pangu. "Tone iko wapi? Hii yote ni tone moja?"

Engineer akaniokoa, au nilidhani ananiokoa. "Mzee, nionyeshe ulipopima."

Nikawaongoza mpaka kwenye bomba, Mama Achan akifuata na beseni lake, maana hakutaka kulisahau jambo hilo wala kuniacha mimi nisahau. Nikasimama katikati ya mafiga yangu.

"Hapa. Nilimwaga maji kwa mkono wangu, yakapotea. Udongo ni mzuri. Labda mawe ya kule chini ndiyo..."

Nikahisi kitu kinatembea juu ya gambuti. Nikatazama chini. Ardhi ilikuwa inachemka. Kutoka kwenye vitundu vidogo katikati ya miguu yangu walikuwa wanatoka kumbikumbi, kwanza wachache wakijinyoosha mabawa, kisha kama moshi. Wakaniingia kwenye mikono ya shati. Mmoja akatua kwenye miwani yangu akatulia hapo kama mkaguzi.

"Enswa!" Ssalongo akapiga kelele, akavua helmeti yake. "Enswa, bannange!"

Saiti ikafa palepale. Mafundi wakashuka kwenye jukwaa, wengine na ndoo, wengine na mashati. Na kumbikumbi, unajua, wakigusa maji mabawa hushikwa. Beseni la Mama Achan ndilo lililokuwa na maji. Walianguka humo kwa makundi, naye akachuchumaa kukusanya bila kupunguza hasira hata kidogo.

"Wewe mtu mwongo... Ssalongo, ile pale, inaruka, kamata! Uliniambia mimi hata tone... lete hapa karibu, usimwage... mtu mzima na mvi namna hii!"

Engineer Nabukenya alikuwa ameshika ukuta wa wodi kwa kicheko. Alipopata pumzi akasema, "Mzee Barasa. Umepima nyumba ya mchwa."

Ndivyo ilivyokuwa. Palikuwa na kichuguu pale. Tingatinga lilikikata kichwa wakati wa kusafisha kiwanja, kabla sijafika, lakini chini kilibaki na vyumba na njia zake zote. Maji yangu hayakunywewa na udongo. Yalipokelewa sebuleni, yakapelekwa vyumbani. Nilikiwekea kituo cha afya shimo la ukubwa unaofaa mchwa.

Nilicheka na wenzangu, ningefanya nini? Ila Mama Achan aliacha kukusanya, akainuka, na sauti yake ikawa ndogo.

"Kesho watu ya afya wanakuja kwangu."

Hapo kicheko kikakatika. Engineer alivua koti lake. "Kazi ya huku juu imesimama," akasema. "Hakuna bomba la paa linaloingia kwenye shimo lile tena. Twendeni chini."

Tukateremka wote na makoleo. Mimi nilitoa tope kwa ndoo, na Mama Achan alisimama mlangoni akinionyesha pembe nilizoruka. "Hapo pia, Mzee." Nilisikia lile Mzee likirudi, nikazoa kwa nguvu zaidi. Jioni ilipoingia sakafu ilikuwa na unyevu lakini safi, na yeye akatuletea sahani ya kumbikumbi waliokaangwa kwa chumvi. Walikuwa watamu sana. Niliwala kwa uchungu.

Watu wa afya walikuja, wakatazama, wakasema hawafungi. Lakini wakamwachia neno: mvua za msimu huu bado hazijaisha, tope likiingia mara nyingine hakutakuwa na mazungumzo.

Tukapima upya. Nilichimba mwenyewe, kwa sururu, kila upande wa kiwanja, hasa pale ambapo kisigino kilikataa. Tukajaza maji jioni. Asubuhi yalikuwa bado yamo, yametulia, nikajiona uso wangu ndani. Nilikuwa nimetarajia aibu, lakini Engineer alifurahi.

"Sasa tunajua," akasema. "Udongo haunywi. Sharti halisemi lazima unywe. Linasema maji yasitoke kwa kishindo."

Hicho ndicho kitu nilichochelewa kuelewa, nawe nakuomba usichelewe. Usipoweza kuunywesha udongo, yakalishe maji. Tuliweka matangi pembeni mwa wodi kupokea maji ya paa, na siku hizi ndiyo yanayotumika kufulia mashuka na kupiga deki. Upande wa juu wa ukuta tukachimba bonde la kina kifupi, tukalipanda nyasi, maji yanayozidi yakae humo kabla ya kuendelea. Mwishoni mwa bonde tukaweka bomba jembamba, linaloyaachia kidogo kidogo kwenye mtaro wa barabara, na mbele ya bomba kishimo cha kunasa mchanga, ambacho lazima kizolewe kabla ya msimu wa mvua, la sivyo utakuja kunikumbuka. Njia ya wagonjwa ikatandikwa vitofali vilivyoachiwa nafasi zenye kokoto. Fundi mmoja mzuri, kwa kunihurumia, alianza kuziziba zile nafasi kwa saruji, akisema zinaonekana kama meno yaliyong'oka. Tulizibandua pamoja. Sikumfokea. Mimi ni mtu niliyewahi kupima kichuguu.

Kisha tukangoja mvua kubwa. Ilikuja mchana mmoja, nzito, yenye upepo. Vijana wakakimbilia barazani kutazama bonde. Mimi nilivaa koti la mvua nikateremka kwa Mama Achan, nikaketi kwenye benchi lake, miguu sakafuni. Nilitaka kuwa mahali ambapo jibu lingefika.

Hakuniuliza nimefuata nini. Alimimina chai, akasimama mlangoni akitazama ukuta. Mvua ilipiga bati mpaka hatukuweza kusikilizana. Nilitazama mstari wa chini wa ukuta ule kwa makini kuliko nilivyowahi kutazama ramani yoyote. Matundu yakalia machozi kidogo. Mtaro wa barabara ukajaa maji yake wenyewe, yakapita. Mlangoni hapakuingia kitu. Mvua ilipopungua, alivua kandambili, akatembea sakafu nzima kwa miguu mitupu, polepole, mpaka jikoni na kurudi. Kisha akatazama nyayo zake.

"Leo maji yako imekosa nauli?"

"Iko juu," nikamwambia. "Imekaa kwenye nyasi, inangoja zamu."

"Basi kunywa chai yako. Watu watataka hiyo benchi."

Engineer Nabukenya aliidhinisha wodi, baada ya kunifanya nimwonyeshe kila shimo na umbali wake kutoka kwa jingine. Mama Achan bado anapika pale. Kila msimu wa kumbikumbi unapoanza hunipigia simu kuniuliza kama nimepata kazi mpya ya kupima, na vijana wa benchini kwake husikia jibu langu kwa spika.

Na wewe, kesho ukipewa kiwanja, usinitafutie kisigino. Kwanza teremka mpaka kwa jirani wa chini, umwombe akuonyeshe maji yanapoingilia kwake. Halafu rudi juu, jaza jerikani, ibebe mpaka pale ambapo ardhi ni ngumu kabisa, mbali na bomba, na uchimbe shimo lako la kwanza hapo.